Futi Tano Hazipo

Karakana, Katwe
Ijumaa, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Kama unasoma karatasi hizi, basi umefika kwa shangazi yako Kisumu, umeoga, umekula, na mama yako alishika neno lake la kukukataza usifumue mto aliozishonea ndani mpaka ufike. Mwandiko usikushtue. Ni mimi baba yako ninayeandika, kwa mkono wangu, nimekaa juu ya debe karibu na jiriwa, na majirani wanagonga mabati yao kama kila siku. Habari ya mwandiko nitaifikia.

Mambo ya safari sitayagusa. Tangu Jumanne mama yako anakuhesabia kanga, anakuonya juu ya maji ya njiani na wanaume wa stendi, na akimaliza anaanza upya. Mimi nina yangu, na mengi ni ya aibu, ndiyo maana nimeshindwa kuyasema kwa mdomo.

Naanza na la Jumatatu. Nilikuambia karakana si mahali pa mwanamke, kwamba umeshakuwa mkubwa na watu wanasema, na kwamba ni heri uende kwa shangazi ukajifunze kupiga taipu. Ulivua aproni ukaitundika kwenye msumari wake, ukatoka bila kuniangalia. Rukia, nilikuwa nasema uongo. Katika miaka yangu ishirini na miwili ya bomba sijapata mtu wa kunipigia hesabu kama wewe, na nimefanya kazi na wanaume waliojiita mainjinia. Nilisema vile makusudi ili ukasirike, kwa sababu mtu mwenye hasira hufunga mizigo upesi na haulizi maswali. Ilinikata maini kukuona unatoka. Aproni bado ipo msumarini, sikuruhusu mtu aiguse.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Bwana Karsan, yule Mhindi aliyenifundisha kazi, alikuwa ndiyo kwanza ameondoka na wenzake wote, na mimi nilibaki na jiriwa yake, na vyuma vyake vya kukatia bomba meno, na ile kanuni yake aliyoniambia kila asubuhi hadi nikaichukia: kumi na mbili huwa kumi na saba. Nilikuonyesha kwa vipande viwili sakafuni. Bomba linakwenda sawa, linakutana na nguzo au na kipaa cha dirisha, lazima lihame upande, halafu liendelee na safari yake. Ukilihamisha kwa elbo mbili za nusu pembe, zile kona za digrii arobaini na tano, na umbali wa kuhama ni inchi kumi na mbili, basi kipande cha mshazari kitataka inchi kumi na saba. Ishirini na nne kitataka thelathini na nne. Bwana Karsan hakujua sababu na hakujali, na mimi vilevile.

Wewe ulivitazama vile vipande, ukaingiza kidole chako ndani ya elbo, ukaniambia bomba haliishii katikati ya kona. Linaishia pale kidole kilipokwama. Kwa hiyo zile kumi na saba ni za hewani, za kukata ni kumi na sita. Mimi nilikuwa nimechukua mwaka mzima kuelewa jambo hilo, na Bwana Karsan alinizaba makofi mawili kwa ajili yake. Siku ile nilicheka mpaka jirani akachungulia, na nilipofika nyumbani nilimwambia mama yako kwamba nimezaa fundi. Tangu hapo nikipima mimi, unahesabu wewe. Nikaanza kuvimba kichwa, maana hakuna kiungo changu kilichokuwa kinakaa vibaya.

Sasa nikueleze kuhusu nyumba.

Unaijua kwa hesabu zake tu, maana sikukuambia iko wapi, na hata hapa sitakitaja kilima. Ni nyumba ya chini, kubwa, yenye maua. Zamani ilikuwa ya tajiri fulani wa vitambaa, na alipoondoka wakaingia wengine. Niliitwa huko majuma matatu yaliyopita, kwa sababu maji ya bafuni yalikuwa yanafika kidogo mno. Mkubwa wa nyumba hakutaka ukuta uvunjwe. Alitaka bomba la zamani lizibwe huko huko ndani ya ukuta, na jipya lipite nje, kutoka jikoni hadi bafuni.

Nilikwenda saa tano ya asubuhi, jua limewaka. Mlangoni kulikuwa na askari mmoja, mtu mzima, Mnubi, aliyenisalimu kwa adabu na kuniuliza habari za nyumbani. Ndani hapakuwa na mtu. Redio ilikuwa inaimba peke yake sebuleni. Jikoni niliona sahani nyingi za bati zimepangwa, mwanangu, sahani za kulisha watu kama ishirini, zote kavu, zina vumbi. Bafuni sabuni ilikuwa bado na maandishi yake. Kulikuwa na mbwa wawili nje, wakubwa, na muda wote niliokuwa pale hawakubweka hata mara moja. Walikuwa wamelala wameuelekezea pua ukuta wa nyumba.

Nilipima ndani. Jiko futi kumi na mbili, stoo saba, bafu tisa. Nje nilizuiwa kwa sababu ya mbwa, na yule askari akajitolea kuivuta tepu mwenyewe, akarudi akaniambia thelathini na sita, kona hadi kona. Niliandika yote, nikamshukuru, na moyoni nikasema huyu hajui kusoma tepu. Fundi haamini kipimo kilichoshikwa na mtu mwingine. Ni kiburi cha kazi yetu, na wewe unacho pia, usikatae.

Jioni ile nilikupa karatasi. Ulijumlisha vyumba, ishirini na nane. Ukaongeza kuta nne za inchi tisa tisa, futi tatu. Thelathini na moja. Kisha ukatazama ile thelathini na sita ya askari, ukahesabu tena, na chini ya mahesabu yangu ukaandika kwa penseli: Futi tano hazipo. Pima tena.

Nilikucheka. Nilisema mwanajeshi amezidisha, wao huzidisha kila kitu. Uliniambia mtu anayekosea tepu hukosea inchi, hakosei futi tano kamili. Nikakuambia unyamaze ukapike chai. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilikuwa dogo bado.

Kesho yake, Jumatano, nilikwenda na mabomba niliyoyakata kwa thelathini na moja yangu. Mbwa walikuwa wamefungwa. Nikaanza na pale pa kuhama, kwenye kipaa cha dirisha la stoo: inchi ishirini na nne, kipande cha thelathini na tatu, kama ulivyokiandika. Kikaingia vizuri kabisa. Nilijisikia mfalme. Halafu nikaunga bomba refu, nikalifuata ukutani kwa mkono, na likaishia hewani. Kutoka ncha yake mpaka tundu la bafuni palikuwa na ukuta mtupu, na sikuwa na haja ya tepu kujua ni kiasi gani. Nilipima hata hivyo. Futi tano.

Nilisimama pale juani jasho likinitoka jingine. Hesabu haikuwa na kosa, tepu haikuwa na kosa. Baina ya stoo na bafu palikuwa na futi tano za nyumba ambazo hazina mlango. Nilipogeuka, askari alikuwa nyuma yangu. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Mzee, mimi nilikuambia thelathini na sita," alisema taratibu. "Sasa wewe ongeza bomba. Hapana ongeza maswali."

Nikaongeza bomba. Nilikuwa na kipande kwenye pikapu, nikakata meno, nikaunga. Kisha nikaingia jikoni kulifunga la zamani. Maji nilikuwa nimeyafunga kwenye koki kubwa kule getini, bomba limekauka. Nikazungushia nyuzi za katani kwenye plagi ya kuzibia, nikaipaka rangi, nikaingiza, nikashika spana. Nilipoikaza mzunguko wa kwanza, spana ikatetemeka mkononi mwangu. Mara tatu. Ikatulia. Mara tatu tena.

Wewe unajua bomba hugonga. Maji yakikatizwa ghafla hugonga, hewa ikinaswa hugonga, na nimeshawacheka wateja wengi wanaodhani kuna jini. Lakini bomba tupu, Rukia, bomba lisilo na tone la maji, halina cha kugonga. Hilo nilikufundisha mimi. Nilisimama na spana mkononi, redio inaimba, na zile tatu zikaja mara ya tatu, polepole zaidi, kama za mtu anayesubiri kuona kama nimeelewa.

Nilielewa. Nikaikaza plagi mpaka mwisho, kwa mikono miwili, kama ninavyokaza siku zote. Nikakusanya vyombo vyangu nikaenda zangu.

Hilo ndilo la pili, na sina namna ya kulifanya lionekane zuri. Sikushikiwa bunduki. Askari alikuwa nje. Nilikuwa naogopa, na mkono unapoogopa hufanya kile unachokijua, na wangu unajua kukaza. Ulinipokea jioni ukaniuliza kama futi zilipatikana, nikakuambia zilipatikana, askari alikosea. Ulifurahi kwa ajili yangu. Ukanikatia muhogo.

Usiku huo sikulala, na wa pili pia, lakini sababu haikuwa zile tatu peke yake. Kuna kitu kilichonijia Ijumaa nikiwa natia udhu msikitini, maji yakinipita viganjani. Ule ukuta wa stoo nilikuwa nimeushika kwa mkono wangu. Bomba linalovuja ukutani miezi mingi hulowesha. Rangi hufura, chokaa hudondoka, ukungu unaota, unasikia harufu tangu mlangoni. Ule ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Maji yalikuwa yanapotea kati ya jiko na bafu, tena mengi, na hayakulowesha kitu. Hapo viganja vyangu vikaachia maji. Kiungo cha bomba kilikuwa kimelegezwa na mikono ya watu. Walikuwa wanakunywa. Kutaka kwangu kazi nzuri isiyovuja ndiko kulikowakatia maji, na ilikuwa siku ya pili bila tone.

Ungedhani niliinuka nikakimbia kwenda huko. Sikuinuka. Nilisali, nikarudi karakana, nikakata meno ya bomba za mtu wa Bugolobi mpaka jua likazama. Siku ya tatu vivyo hivyo, na ya nne. Ulinikuta nimekaa mbele ya bomba la uani nalitazama linavyodondosha, na ukaniuliza kwa utani kama nimeanza kuzeeka. Nilikuwa nasubiri tone lisidondoke. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Kila nilipomimina chai nilikuwa nahesabu siku za mtu mwingine.

Nilichukua siku tisa, mwanangu. Ziandike kichwani mwako kama zilivyo, usinipunguzie hata moja.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa tena, na niliijua saa ambayo wakubwa wa nyumba wangekuwa kwenye sala. Nikaenda na sababu ya kifundi, kwamba viungo vipya hukaguliwa baada ya juma. Hakuna kinachokaguliwa, unajua hivyo, lakini nani atambishia fundi? Askari aliniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja. Akasema yeye anao sita. Kisha akaingia sebuleni, akaongeza sauti ya redio mpaka vioo vikatetema, akatoka nje akanipa mgongo.

Nilifungua ile plagi. Nikaweka kiungo cha njia tatu nyuma ya kabati la jikoni, nikalirudishia bomba la zamani maji yake, nikafunga kabati. Niliyaingiza meno upande mara mbili, kitu ambacho hakijanipata tangu enzi za Bwana Karsan. Kabla ya kwenda kufungua koki nilichukua spana nikagonga bomba. Mara tatu. Nikaweka sikio juu ya chuma.

Redio ilikuwa inapiga makelele. Nilisubiri mpaka shingo ikauma. Nilikuwa nimekwisha kuinua kichwa ndipo ikaja, ndogo sana, nadhani niliisikia kwa taya zaidi ya sikio. Moja. Nikagonga tena tatu. Ikaja moja.

Juma lile walikuwa wamegonga tatu. Hesabu hiyo sitaki kuipiga, na nakuomba wewe pia usiipige, ingawa najua umeshaipiga. Nilikwenda kufungua koki. Niliporudi kuchukua vyombo nikasikia maji yanaingia bomba la zamani, na baadaye kidogo yakabadilisha sauti, kama yanavyofanya yanapokutana na mdomo wa kitu. Nililia pale jikoni, mtu mzima mimi, na kilemba changu cha Ijumaa kichwani. Askari aliponifungulia geti alinitikisia kichwa.

Nilidhani yamekwisha, na kwa siku mbili nilikuwa mtu mwepesi. Mama yako alisema nimepona. Lakini kuna kosa la tatu, na hili ndilo linalokupandisha basi.

Ile karatasi yako. Siku ya Jumatano niliitoa mfukoni ili nitazame kile kipande cha thelathini na tatu, nikaiweka juu ya dirisha la jikoni, nikaikandamiza kwa kopo la rangi. Kopo nililichukua. Karatasi sikuichukua. Kila siku nakugombeza kwa kuacha vitu kwa wateja, na mimi nimeacha kwenye nyumba ile maneno yako, yaliyoandikwa na mkono wako.

Jumatatu saa sita mchana alikuja mtu hapa karakana. Ulikuwa umekwenda kununua katani. Suruali pana, miwani myeusi, na adabu nyingi. Hakukaa. Alisifu jiriwa. Alisema nyumba ina tatizo, bomba la ukutani linagonga, mkubwa anakosa usingizi. Nikasema ni hewa. Akasema ndiyo, wao pia walidhani ni hewa. Halafu akatoa karatasi, imekunjwa vizuri mara nne, akaifungua juu ya meza yangu. Mtu alikuwa ameyazungushia mstari mwekundu maneno yako.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

Nikasema yangu. Akaweka kidole juu ya tarakimu zangu za juu, kisha juu ya zako za chini, akanitazama. Ni kweli hazifanani hata kidogo. Zangu zinaanguka, zako zimesimama. Nikamwambia za juu niliandika bila miwani na za chini nikiwa na miwani. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekupa nafasi. Akasema mkubwa amependa sana mtu anayeweza kujua kwa hesabu tu kwamba mahali fulani hapapo. Angependa kumwona. Jumamosi saa nne asubuhi nifike na katani ya kutosha, nilinyamazishe bomba, na nije na penseli. Nitaandika yale maneno mbele yake, na miwani yangu nivae.

Dakika kumi baada ya yeye kuondoka ukaingia na katani yako, unaimba. Ndipo nikakuambia karakana si mahali pa mwanamke.

Sasa unajua. Unajua kwa nini basi la alfajiri na si la mchana: saa nne nitakapokuwa nakunja mikono mbele ya mtu yule, wewe uwe umepita Jinja zamani na unakaribia mpaka. Unajua kwa nini siondoki na wewe. Wakikuta karakana imefungwa watauliza njia nzima, na mtu akiulizwa na wale hukumbuka hata asichokijua. Mimi nikiwepo, karatasi ina mwenyewe, na hakuna anayetafutwa. Mama yako atakuwa kwa dada yake, huko Kasubi. Amekataa kwenda mbali zaidi, na tumegombana juu ya hilo kwa kunong'ona tangu Jumatatu, wakati wewe ulidhani tunagombana juu yako.

Kuna jingine. Nyuma ya kabati la jikoni kule kuna kiungo kimoja, na ninayejua kinavyofunguka ni mimi. Wakimwita fundi mwingine atafanya nilichofanya mimi mara ya kwanza, kwa sababu atakuwa fundi mzuri. Kesho nitakwenda na katani nyingi kama walivyosema. Nitaizungusha kwenye kiungo kile mbele yao, nitapaka rangi, nitakaza mpaka mishipa ya shingo initoke, na maji yatapita. Kuna namna ya kukaza hivyo. Bwana Karsan angenizaba makofi.

Nakuomba mambo mawili na basi. Usituandikie. Najua ulipanga kuandika wiki hii hii, ukatuambie umefika na shangazi amenenepa. Usiandike bahasha, usiandike hata orodha ya dukani ikaja huku ndani ya mfuko wa mtu. Mkono wako usionekane Kampala. Madaftari yako ya shule uliyoyatafuta juzi hayakuliwa na mchwa. Niliyachoma mimi, yote, kwenye jiko la mkaa, na mengine nilikuwa nayasoma huku nayachoma. Insha yako juu ya mama yako ni nzuri sana. Nisamehe na hilo.

La pili: wala usirudi ukisikia habari yoyote. Mama yako akitaka urudi atakuja kukuchukua mwenyewe kwa miguu yake.

Daftari moja nililibakiza, la hesabu. Tangu Jumatatu jioni, nikikuambia nakwenda kumalizia kazi, nilikuwa nakaa hapa kwenye debe na daftari lako, nikiuiga mkono wako. Saba yako ina kimstari katikati. Nne yako iko wazi juu. Tano unaanza na kofia, wakati mimi kofia naweka mwisho. Herufi f unaishusha chini ya mstari na kuirudisha kama ndoana. Kalamu huikandamizi, ndilo lililonishinda siku mbili nzima, maana mkono wangu umezoea chuma. Leo asubuhi nililichoma na daftari hilo. Barua hii nimeiandika bila kuangalia popote.

Kila kitu maishani mwangu cha kuhesabu nilikuletea wewe ukikague, ukaweka alama yako ndogo pembeni, na mimi nikakata. Hiki tu ndicho sikuweza kukuletea. Utakapoufikia mstari huu itakuwa jioni ya Jumamosi, nami nitakuwa nimekwisha kuandika mbele yake, penseli mkononi, miwani usoni. Lakini tazama, mwanangu, hata kama umechelewa. Tazama kwa jicho lako lile lisilonionea huruma.

Futi tano hazipo. Pima tena.

Niambie kama huu si mwandiko wako.

Baba yako